Milioni mbili za kompyuta ya gemu ziende wapi?

Msikilizaji, ukiingia Kariakoo leo ukamwambia winga kwamba unatafuta kompyuta ya gemu, atakuwa ameshakushika mkono kabla hujamaliza kusema. Njiani atakuuliza, "Kaka, unataka i ngapi? i5 au i7?" Ukimjibu i7, linakuja la pili: "GB ngapi?" Basi, biashara imeisha. Jioni unarudi nyumbani na boksi linalowaka taa za rangi saba, ndani yake mna prosesa ya mwaka 2013 na kadi ya grafiki ambayo hata ilipokuwa mpya haikukusudiwa kuchezea gemu.

Mazungumzo yetu ya leo ni kuhusu pesa hiyo. Tuseme ni milioni 2 za Tanzania. Mnaotusikiliza Mombasa na Nairobi, chukulieni kama laki moja ya Kenya. Skrini, kibodi na mausi havimo. Pesa hiyo hainunui mashine ya kifahari, lakini inatosha mashine ya kati itakayocheza karibu kila gemu ya leo bila kukwamakwama. Sharti lake ni kwamba fungu kubwa liende kwenye kadi ya grafiki, umeme wa kuilisha kadi hiyo uwe wa kuaminika, na majina matamu yasubiri nje. Wengi hufanya kinyume. Hununua kwanza jina la prosesa, kisha taa, halafu kadi ya grafiki inapewa chenji iliyobaki.

Tuanze na hiyo i7. Jina hilo peke yake halikuambii kitu. Kinachosema ni namba inayofuata. Core i7-4770 ni ya kizazi cha 4, ilitoka mwaka 2013. Core i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ilitoka mwanzoni mwa 2022. Zote mbili zina viini 4, lakini ziweke kwenye gemu moja uone: i3 inaiacha i7 mbali, tena kwa umeme mdogo zaidi. Kumuuzia mtu i7 bila kumtajia kizazi ni sawa na kumuuzia Toyota bila kumtajia mwaka.

Mashine za vizazi vya nyuma zimejaa madukani, nyingi zikiwa za ofisi za ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache mno, inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa kuchapa barua na hesabu za duka, mashine hizo hazina neno. Kwenye gemu zina mambo yake. Fundi anaweza kuilazimisha ya kizazi cha 4 ikubali Windows 11, nayo itawaka vizuri tu. Sasa fungua Valorant. Gemu hiyo ikiwa juu ya Windows 11 hukagua vipengele viwili vya usalama wa mashine, TPM 2.0 na Secure Boot, isipovikuta inagoma, na fundi uliyemlipa elfu 20 atakwambia tatizo ni bando.

Mwili wa mashine hizo nao ni tatizo. OptiPlex nyingi zina pawa saplai yenye umbo lake na plagi zake zenyewe, huwezi kuitoa na kupachika ya kawaida bila waya za kuunganishia. Zile nyembamba za kulaza mezani ndizo mbaya zaidi, maana kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Mwenye nusu ya pesa tunayoizungumzia anaweza kutafuta ya mnara, ya kizazi cha 8 au cha 9, akapachika GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, akacheza FC na GTA V kwa raha zake. Huyo hajakosea. Ila mwenye milioni 2 taslimu asiishie hapo.

Kabla ya kununua chochote, jiulize unacheza nini na juu ya skrini gani. Takwimu ambazo Steam huzitoa kila mwezi zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba skrini inayoongoza kwa wachezaji wa kompyuta ni ile ya vitone 1920 kwa 1080. Hivyo ni vitone milioni 2 na kidogo ambavyo kadi inavichora upya kila fremu. Skrini ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Kwa hiyo anayekwambia mashine ya bei hii "inacheza 4K" mwache aendelee kuongea, wewe ufuate yako. Lenga 1080, fremu 60 kwa sekunde kwenye gemu nzito, na zaidi ya 100 kwenye gemu nyepesi kama Counter-Strike 2 na Valorant. Hapo milioni 2 inatosha.

Sasa kadi ya grafiki, na hapa naomba uchukue kalamu, maana namba ni nyingi na redio hairudi nyuma.

Katika kila shilingi 10, 4 ziende hapa. Kwenye milioni 2 hiyo ni laki 8. Madukani kadi huuzwa kwa GB, na huo ndio mtego mkubwa kuliko yote. Ipo kadi inaitwa GT 730, ya mwaka 2014, na utaikuta imeandikwa GB 4 kwa herufi kubwa. GB 4 kwenye kadi ile hazikusaidii, kwa sababu chipu yenyewe haina nguvu ya kuzitumia. Ilitengenezwa ili ofisi iweze kuwasha skrini mbili. Ukiona duka limeipachika kwenye keisi ya kioo yenye feni nne za taa na kuiita kompyuta ya gemu, ujue wanauza keisi. GT 1030 nayo usihangaike nayo.

Majina ya kuandika ni haya. RX 6600 ya AMD, yenye GB 8, iliyotoka Oktoba 2021. RTX 3060 ya NVIDIA, yenye GB 12, ya Februari mwaka huohuo. RTX 4060, GB 8, ya katikati ya 2023, ambayo bei yake ya kutokea Marekani ilikuwa dola 299. Kwa mfuko wetu mimi ningeanza kuulizia RX 6600 mpya, kwa sababu kwa kila shilingi unayotoa ndiyo inayorudisha fremu nyingi. RTX 3060 iliyotumika ni nzuri pia, na GB zake 12 zitakufaa ukihariri video au ukifanya kazi za Blender, lakini inakula wati 170. RTX 4060 inakula 115 tu na ina kasi zaidi, kwa hiyo ikiangukia ndani ya laki 8, ichukue. Intel nao wana Arc B580 ya GB 12, kadi nzuri mno kwa bei yake, ila haipatani na prosesa za zamani. Iweke kwenye mashine ya kizazi kipya au iache.

Kuna moja lazima niieleze kwa undani kwa sababu inawapiga watu wengi. RX 580 ya GB 8, iliyotoka 2017, bado inauzwa sana kwa bei ya kuvutia. RX 580 halisi ina viini 2304 vya kuchorea. Lakini mwishoni mwa 2018 ilitoka nyingine kwa ajili ya soko la China, inaitwa RX 580 2048SP. Hiyo "2048SP" ndiyo idadi ya viini vyake, na ni idadi ileile ya RX 570, yaani kadi ya daraja la chini yake. Haikuibiwa wala haikughushiwa, jina lake liko wazi kabisa. Tatizo ni kwamba ikifika kwa winga, mkia wa jina unakatika na bei inabaki ya RX 580. Wafanyabiashara wetu wengi huchukua mzigo Guangzhou na Dubai, na kadi hizo zimo humohumo.

Halafu kuna zile zilizoghushiwa kweli: kadi kuukuu iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows itaamini na kukuonyesha jina hilo. Programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z ndiyo ya kuikagulia. Yenyewe hutazama chipu, na ikigundua uongo huandika mbele ya jina la kadi kwamba ni feki. Iweke kwenye flashi kabla hujapanda daladala kwenda dukani. Ni faili dogo, halimalizi bando.

Utasikia pia watu wakionya kuhusu kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ni kweli zipo. Ethereum iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Mimi siziogopi kama wengine wanavyoziogopa. Kadi iliyochimba kwenye chumba chenye hewa, ikasafishwa, inaweza kuwa na hali nzuri kuliko iliyokaa Mikocheni miaka minne ikila vumbi na hewa ya chumvi. Cha kuchakaa kwanza ni feni na pasta ya kupozea, na vyote vinabadilishwa. Kagua kutu kwenye chuma cha nyuma. Izungushe feni kwa kidole usikie kama inakwaruza. Kisha iwashe.

Kwenye prosesa sitakaa sana. Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F. Zote zina viini 6, zote zilitoka 2022, zote zimeandikwa wati 65, na kadi nilizozitaja hazitazilemea. Herufi F kwenye ile ya Intel maana yake haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi hutaona kitu kwenye skrini. Usije ukampigia fundi usiku kwamba mashine imekufa. Ryzen 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4, ambayo AMD wameihudumia tangu enzi za Ryzen ya kwanza ya 2017, na hivyo madabodi zake ni nyingi na nafuu. Wapo watakaokushauri upande AM5 ili uweze kuboresha baadaye. Ushauri huo si mbaya, ila AM5 inakubali RAM ya DDR5 pekee, na hapo pesa ya kadi inaanza kuliwa. Kwa milioni 2, baki AM4. Madabodi ya B550 ya kawaida, isiyo na mbwembwe, inatosha.

RAM imekuwa habari. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vikubwa vya chipu hizo vimeelekeza mzigo kwenye seva za akili bandia. Hatuna la kufanya, ila kuna unafuu: RAM ndicho kifaa ninachokuruhusu kununua cha mtumba bila wasiwasi. Haina feni wala kitu kinachozunguka, na ikiwa mbovu mashine itakuonyesha mapema. Chukua DDR4, GB 16, na ziwe vipande viwili vya GB 8. Muuzaji atakuambia kipande kimoja cha GB 16 ni kilekile. Si kilekile. Vipande viwili vikikaa kwenye nafasi zake sahihi, prosesa inasoma vyote kwa pamoja, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho. Ukishafunga, ingia BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM uliyolipia kasi ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 mpaka siku utakayoiuza.

Diski iwe SSD ya NVMe, TB 1 ukiweza. Nasema TB 1 kwa sababu ya bando kuliko kasi. Gemu kama Warzone inapita GB 100, na mtu wa kwetu akishaipakua kwa wiki nzima ya bando la usiku hataki kuifuta ili kupisha nyingine. Ile ya kuzunguka usiipe gemu, iachie muvi.

Sasa umeme. Hapa ndipo ushauri wa vijana wa YouTube wa Marekani unapotuacha, kwa sababu wao umeme wao hauwasumbui kama wetu.

Pawa saplai usinunue ya mtumba, wala usikubali ile "inayokuja na keisi". Geuza boksi usome jedwali lililobandikwa ubavuni. Juu wameandika wati 600 kwa maandishi ya moto. Sasa shuka kwenye safu ya +12V, maana kadi na prosesa vinakula hapo. Utakuta ampea 22. Piga hesabu hapohapo kwenye simu: 12 mara 22 ni wati 264. Hizo nyingine za kufika 600 ziko kwenye safu ambazo kompyuta ya leo haizigusi, au haziko kabisa. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itaonyesha ampea 45 hivi kwenye safu hiyo, itakuwa na alama ya 80 Plus, na ukiishika ni nzito. NVIDIA wenyewe wanapendekeza wati 550 kwa mashine yenye RTX 4060, ingawa mashine nzima haitafika hata 300 ukiwa vitani. Ziada hiyo ndiyo pumzi yake.

Tazama nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Umeme wetu ni wa 230. Mashine iliyotoka Marekani swichi yake ikiwa kwenye 115, ukiichomeka ukutani utasikia mlio mmoja, na huo ndio mwisho wa stori. Pawa saplai nzuri za siku hizi hazina swichi hiyo. Zimeandikwa 100 hadi 240 na hujirekebisha zenyewe.

Baada ya hapo, tenga pesa ya UPS ndogo. UPS ya VA 650 hubeba wati zisizofika 400, kwa hiyo usitegemee kumaliza mechi. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu, na kuikinga mashine na ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ukikosa ya UPS, walau kilinda umeme kizuri, kile wanachofungia friji.

Na mzazi anayesikiliza akiwa na hofu ya LUKU, hesabu ni hii. Mashine hii pamoja na skrini ikicheza gemu nzito inakula karibu wati 280. Saa 4 kila siku ni uniti 1 na kidogo, kwa mwezi kama uniti 34. Kwa nyumba ndogo iliyo kwenye kundi la bei nafuu, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya kikomo. Kijana aelezwe mapema, kabla nyumba haijavuka kwenda bei ya juu kwa sababu ya Fortnite.

Keisi chagua yenye wavu mbele, si kioo. Kioo mbele kwenye joto la Dar au Mombasa ni kuipika mashine. Feni mbili zinaingiza, moja inatoa, na kila baada ya miezi michache ipulizwe vumbi. Taa ukizipenda weka, lakini zitoke kwenye pesa ya mwisho.

Skrini ikiwa ya Hz 144, ingia kwenye mipangilio ya Windows uiwekee hiyo 144, kwa sababu mara nyingi hujianzia 60. Waya wake uchomeke kwenye kadi ya grafiki, si kwenye madabodi juu yake. Mashine nyingi zinazoletwa kwa fundi kwa sababu "gemu zinakwama" ugonjwa wao ni huo waya tu. Wengine huwa wanakwamishwa na mtandao. Seva za Counter-Strike 2 zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai, na hakuna kadi ya grafiki inayofupisha safari hiyo.

Ukishapatana bei, usilipe papo hapo. Mwombe muuzaji aiwashe mashine, fungua GPU-Z usome jina la kadi wewe mwenyewe, kisha gemu nzito ichezwe nusu saa nzima palepale dukani. Ikijizima, ikitoa vitone vya rangi kwenye skrini, au joto la kadi likipita nyuzi 85, ondoka na shukrani zako. Ikivuka salama, lipa, udai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la kadi kwa ukamilifu, pamoja na namba iliyobandikwa mgongoni mwake. Muuzaji aking'ang'ania kuandika "kompyuta moja" na hakuna zaidi, rudisha pesa mfukoni. Duka la pili liko hatua chache mbele.